Mkono Usio na Mkia

Damu ya mke wangu iliogelea. Mambo yote yalianzia hapo, na kama kuna mtu amekuhadithia kwa namna nyingine, muulize siku hiyo alikuwa wapi. Mimi nilikuwa nimekaa naye benchi moja, goti langu kwa goti lake.

Watu wa utafiti walikuja hapa Tezo kutafuta watu wazima watakaokubali kutoa damu kidogo. Waliwataka wenyeji, wale tuliougua malaria tangu tungali tunatambaa. Mimi na malaria tumezoeana. Siku hizi ikija kwangu hata hailali, inapitapita kama mgeni aliyekosea nyumba, halafu inajiondokea. Daktari akasema watu kama sisi damu yetu imejifunza. Neno hilo lilinipendeza mno. Shule mimi niliiacha darasa la tatu, nikaenda timbo kuchonga mawe ya kujengea nyumba za wengine, na tangu hapo sijasikia mtu akisema kwamba kuna kitu chochote mwilini mwangu kilichosoma.

Daktari mwenyewe alikuwa binti wa Malindi mjini, Kiswahili chake kila neno utasema limepigwa pasi. Kabla ya kutuuliza kama tunakubali au tunakataa, alituchorea ubaoni kitu kama panda ya manati.

"Hii ndiyo kingamwili," akasema. "Mwili unaitengeneza wenyewe mtu akiugua. Pembe hizi mbili za juu zinamkamata mdudu wa ugonjwa. Mpini huu wa chini unabaki unaning'inia."

Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Unaning'inia unangoja nini?"

"Unangoja kushikwa, baba."

Akatueleza kwamba ndani ya damu zimo chembe nyeupe, ndizo askari, na juu ya ngozi ya kila chembe kuna vipokezi, yaani mikono midogo midogo ambayo kazi yake ni kuushika ule mpini. Manati imemkamata mdudu, mkono umeikamata manati, basi chembe inajua kwamba hapa pana adui wa kuliwa.

Ningekuwa mimi ndiye daktari, ningekomea hapo nikaenda kunywa chai. Yeye akasema bado. Mkono uko nje, na chembe imefungwa pande zote kama nyumba. Nani atawaambia walio ndani? Kuna mikono yenye mkia wake wenyewe, unaopenya ukuta ukaingia ndani, na mkia huo ndio unaosema. Lakini kuna mikono mingine haina mkia wa maana. Inashika sana, ila ni bubu. Hiyo husimama ubavuni mwa mwenzake, ambaye ukimtazama kwa nje utasema si kitu, kumbe mkia wake wa ndani ni mrefu. Mkono ukishika, yule mwenzake anatiwa alama kwenye mkia. Walio ndani wakiiona alama wanaikimbilia, huyu anamshtua yule, hadi habari ifike. Na mkono mmoja hautoshi, lazima ikusanyike kadhaa mahali pamoja. Tena kuna mkono wa namna nyingine, wenyewe ukishika husema "acha", askari wasije wakapandwa na wazimu wakauharibu mwili wenyewe.

"Huyo ni mshenga!" nikasema kwa sauti, mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika.

Lazima nieleze. Kwetu mwanamume hajiombei mke. Hata awe na ulimi kama wangu, akifika kwa wakwe anakaa kitini kama gunia, na mshenga ndiye anayesema. Na hapa Tezo, ukiuliza mshenga ni nani, utaletwa kwangu. Nimeposea vijana ambao hata mama zao walikuwa wamekata tamaa. Nimerudisha wake waliosusa, waliokimbia, na mmoja aliyekuwa amekwenda tu kumtazama mama yake mgonjwa, mumewe akadhani amesusa. Huyo alitukana sana.

Binti daktari akacheka. "Baba, mfano huo nitakuibia," akasema. Kifua changu kikajaa. Pengine kama asingesema hivyo nisingejisahau baadaye.

Basi tukakubali, tukaenda kupimwa. Muuguzi alikuwa na chupa ya maji ya buluu. Anakuchoma kidole, anadondosha tone ndani. Likizama, damu imetosha. Langu lilizama kama jiwe. La mke wangu likakaa juu, likazunguka taratibu, utafikiri linatafuta mtu.

"Mama," muuguzi akamwambia kwa upole, "damu yako leo haijatosha. Hatutaichukua. Nitakupa vidonge, na ule mboga za majani, halafu urudi tuone."

Hakuna aliyecheka. Nami ningeweza kunyamaza. Lakini ulimi ulikuwa bado una joto la kusifiwa, nikasema, "Jamani, damu ya mke wangu inaogelea! Huyu hata akitumbukia pale feri ya zamani Kilifi hazami!"

Benchi zima likaangua kicheko. Ilikuwa mzaha mzuri. Mpaka leo nauona mzuri, ila siusemi.

Tulipofika nyumbani mke wangu akavua viatu, akavipanga, akaniuliza, "Damu hii imekuzalia watoto saba. Kwa kila mmoja nimemwaga nyingine chini. Wewe ulidhani imekwenda wapi?"

Hapo mtu mwenye akili angeinamisha kichwa. Mimi nikamjibu, "Basi yangu imebaki yote."

Asubuhi nikakuta kuku hawajafunguliwa, na yeye hayupo. Amekwenda kwao Marafa, kwa kaka yake.

Nitasema kweli, mwanzoni nilifurahi. Nililala kitandani mshazari. Nilisikiliza redio kwa sauti niitakayo. Halafu chumvi ikaisha koponi, nikatafuta inapowekwa nyingine, nikafungua kila kitu chenye kifuniko humo ndani, nikapata vifungo, mbegu za bamia na meno ya bandia ya marehemu mama mkwe, chumvi sikuiona. Nikala mchicha bila chumvi. Nikapika chai, na jirani niliyempa kikombe akaniuliza kama nimeosha sufuria au bado.

Lakini chakula mtu hukizoea. Lililonishinda ni maneno. Mimi nikiona kitu barabarani narudi nacho nyumbani, namhadithia, yeye ananiambia, "Uongo huo," nami naapa, ndipo kinakuwa kisa. Sasa nilikuwa narudi nimejaa visa, sina wa kuniambia ni uongo.

Tena mvua zilikuwa karibu. Na mke aliyesusa akishapanda mahindi katika shamba la kaka yake, atangoja ayapalilie, atangoja avune, na akishavuna ataona kule kunamtosha. Nimewaona wengi. Ilikuwa ama nimrudishe kabla hajashika jembe, ama nizoee mchicha wangu.

Sasa mshenga ni nani? Mshenga wa mji ni mimi. Nikamwendea mtani wangu mmoja tuliyechonga naye mawe timboni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Itume damu yako. Si nzito? Itafika yenyewe." Nikamwendea wa pili, akasema mguu unamuuma, akanisindikiza hadi njiani akichechemea, na kurudi akachechemea kwa mguu mwingine.

Aliyebaki ni jirani yangu mwenye mashine ya kusaga unga. Ni mtu wa bara, alikuja huku kutafuta maisha akayapata, ana pikapu, mzee wa kanisa, moyo safi kabisa. Kila siku nilikuwa nakaa mashineni kwake nikimweleza habari za kingamwili na mikono, yeye akisema "Eeeh" juu ya kelele za mashine, nami nikidhani anasikia.

"Mzee, si mimi nitakupeleka?" akasema. "Na nitaongea. Hii maneno iko rahisi sana."

"Rahisi vipi?"

"Tunafika, tunasalimia, tunaomba, mama anapanda gari. Saa nane niko kwa mashine."

Nikaona nimfundishe. Kwanza, nikamwambia, hatuendi mikono mitupu, tunachukua mnazi, maana maneno ya ukweni hufunguliwa kwa mnazi.

"Pombe? Kwa gari yangu? Hapana, mzee. Kanisa itasema nini?"

"Basi utaleta nini?"

"Niachie mimi."

La pili, nikamwambia, tukifika mimi sisemi. Nikitia neno, nimejivunjia. Wewe ndiye mdomo wangu.

Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Wewe? Kunyamaza? Mzee, si utapasuka."

Tukafika Marafa jua limeshakuwa kali. Shemeji yangu, ambaye kwao humwita mulamu, alikuwa ukumbini. Ni mtu mrefu, mkavu, anayewatembeza watalii katika korongo la pale na kuwakataza wasisogee ukingoni. Amewakataza watu miaka mingi hata uso wake wote umekuwa uso wa kukataza. Akatutolea viti. Pazia la mlango lilikuwa limeshushwa, nikajua mke wangu yuko nyuma yake, maana niliona vidole vya miguu.

"Karibuni," shemeji akasema. "Mmekuja na nini?"

Jirani yangu akaenda kwenye gari, akarudi na kreti ya soda, akaitua katikati yetu. Za machungwa, zote moto.

Shemeji akazitazama sana. "Kuna mgonjwa?"

"Hapana, mzee."

"Kuna ubatizo?"

"Hapana. Hii ni ya mama. Mama arudi."

"Maneno ya mke kususa," shemeji akauambia ukuta, "yafunguliwe kwa soda ya machungwa."

Nikafungua mdomo. Akaninyooshea kidole. "Wewe hapa huna mdomo." Ni kweli, sikuwa nao. Nikaufunga.

Jirani yangu akajitengeneza kitini. "Mzee, huyu mtu ameteseka. Chai yake haiwezi nyweka. Amekonda."

"Mbona simwoni kukonda?"

"Amekonda kwa roho."

Vidole vya miguu nyuma ya pazia vikajikunja. Sikujua ni kwa hasira au kwa kicheko.

"Na hilo la damu?" shemeji akauliza. "Dada yangu amechekwa mbele ya watu, ati damu yake maji."

Hapo ndipo jirani yangu alipokwama. Nilimwona jasho linamshuka sikioni. Kama ni mimi, ningejua la kusema. Nilikuwa nalo mdomoni, tamu, limeiva, nikalimeza. Yeye naye akatafuta akilini, na alichokipata huko ni yale niliyomwambia mashineni.

"Mzee, hiyo damu ni mambo ya sayansi. Iko hivi. Kuna manati."

"Manati?"

"Manati ndani ya damu. Inapiga mdudu. Halafu askari iko na mkono, na ule mkono iko na mkia."

Nikashika kiti changu pande zote mbili. Mkono wenye mkia!

"Mkia mrefu," akaendelea, sasa amepata moto, akisimama kabisa kuonyesha. "Inazunguka huko nje, inachapa mdudu, pa! pa! Kama vile ng'ombe anachapa nzi. Sasa huyu mzee mkia yake iko na nguvu, na ya mama…"

Jamani. Nimewahi kuangukiwa na jiwe mguuni timboni, sikuumia vile. Nilitafuna ulimi wangu. Niliangalia dari nikahesabu makuti. Nikamwomba Mungu amtie yule mtu kikohozi.

"Siyo hivyo!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Mkono hauna mkia! Mkia ni wa mwenzake, na uko ndani, hauchapi mtu!"

"Mwenzake nani, mama?" jirani yangu akauliza, bado mkono uko juu kwa kuchapa.

"Yule anayesimama ubavuni. Mkono uko nje unashika tu, hauna la kusema. Mwenzake ndiye anayetiwa alama mkiani, ndio wa ndani wasikie. Nani amekufundisha upuuzi huo?"

Yule bwana, mdomo wangu, mtu niliyemtegemea, akaninyooshea kidole.

"Yeye?" pazia likasema. "Yeye alikuwa akijichekesha na daktari. Mimi ndiye niliyesikiliza!"

Pazia likafunguka. Mke wangu akatoka, mwiko wa ugali mkononi, akachuchumaa mbele ya kreti, akachora mchangani. Akachora manati. Akachora mdudu. Akachora chembe kubwa kama sufuria na mikono juu yake. Jirani yangu akachuchumaa upande wa pili. Shemeji akajifanya hatazami, kisha akasogeza kiti.

"Sasa mkono mmoja ukishika peke yake," mke wangu akasema, "ndani hawashtuki. Mpaka ishike mingi, ikaribiane."

"Kwa nini?" shemeji akauliza.

"Ukipigiwa hodi moja usiku unatoka? Si unasema ni upepo?"

"Kweli."

"Na kuna mkono huu hapa. Huu ukishika unasema acha. Basi, inatosha, tulia. Huu ndio wewe."

"Mimi?"

"Unazuiazuia. Lakini unatakiwa. Usipokuwapo, askari watakula mwili mzima."

Shemeji akaupenda mkono huo, nilimwona. Akaomba aonyeshwe tena uko upande gani. Halafu, akiwa ameinama vile juu ya mchoro, akainua macho polepole akamtazama dada yake kuanzia mwiko hadi usoni.

"Dada," akasema. "Umetoka."

Mke wangu akaangalia pazia, akajiangalia pale mchangani. Aliyesusa hukaa ndani, na likiwapo la kujibu hulijibu kwa kinywa cha mwingine. Akishatoka mwenyewe akasema na mshenga uso kwa uso, amempokea. Haya alikuwa anayajua tangu msichana.

"Nimetoka kumsahihisha huyu," akasema. "Sikutoka kwa ajili ya yule." Yule nilikuwa mimi. Hakunitazama.

"Umetoka ni umetoka," kaka yake akasema, akaifungua soda kwa jino.

Mke wangu bado angeweza kurudi ndani, na mtu gani angemzuia? Akaufuta mwiko kwa kanga. Kisha akamgeukia jirani yangu, siyo mimi.

"Mwambie mwenye damu nzito," akasema, "nikienda kupimwa mara ya pili, yeye akae nje ya mlango."

Jirani yangu akanigeukia, na mimi niko umbali wa kumpangusa jasho. "Mzee, mama anasema ukae nje ya mlango."

Nikamtazama shemeji. Akaitikia kwa kichwa kwamba naweza. "Mwambie nimekubali."

"Amekubali, mama."

"Na mwambie aseme mashineni, watu wakiwapo, kwamba damu iliyoogelea ni damu iliyofanya kazi."

"Mzee, anasema…"

"Nimesikia. Nitasema."

"Atasema, mama."

"Muulize kwa sauti gani."

"Kubwa," nikasema mwenyewe, na hakuna aliyenikemea.

Akaingia ndani. Tulikunywa soda zote moto zile, na sitaki kuzisimulia. Alipotoka alikuwa na mfuko wake na jembe jipya ambalo kaka yake alikuwa amekwisha kumnunulia. Shemeji akasema jembe libaki. Mke wangu akasema jembe ni lake. Likapanda gari.

Akapanda mbele na jirani yangu. Mimi nikapanda nyuma pamoja na gunia la mihogo, kreti tupu na lile jembe, nikala vumbi jekundu la Marafa mpaka tukaikuta lami. Kupitia kioo nilikuwa naona mkono wake ukipanda na kushuka, kidole kikionyesha, kiganja kikifunguka. Anaongea. Alikuwa na maneno ya siku zote zile, anampa mtu wa mashine, na mimi mwenye kuyahitaji sisikii hata moja.

Matsangoni jirani yangu akasimama anunue maji. Mke wangu akashuka, akaja nyuma, akasimama kando ya gurudumu.

"Umekula?"

"Sijala."

"Shuka ukae mbele."

"Na wewe?"

"Nitakaa nyuma. Huyu bwana anauliza maswali mno."

"Mimi sishuki," nikamwambia. "Panda wewe."

Akasimama kidogo akipima urefu wa gari na umri wetu. Nikampa mkono, akapanda kwa taabu, akakaa juu ya gunia la mihogo, akaifunga kanga kichwani kwa ajili ya upepo. Gari likaondoka. Nilikuwa na visa vingi mno vya kumwambia, vyote vimejipanga, cha meno ya mama yake kikiwa mbele. Nikaviacha.

"Ile alama ya mkiani," nikamuuliza, "anayeitia ni nani?"

Akanitazama vizuri ili aone kama ni mzaha. Kisha akasogea karibu, kwa sababu ya upepo, akaanza kunieleza, na mpaka tunafika Tezo sikupata nafasi ya kutia neno.